Siku Bidoni Zilipohamia Majanini

Vijana wangu mnaojifunza uashi, nawasikia mkinicheka. Mnaniona natembea hapa Kasongo wakati wa kiangazi, nafika mahali penye majani mabichi, nasimama, nainama kwa shida, nagusa udongo kwa vidole. Mnasema mzee akili imechoka. Akili haijachoka, ni magoti. Mtu aliyelisha watoto wake kwa kujenga chemchemi hawezi kupita penye majani mabichi, wakati kila kitu kimekauka, bila kujiuliza chini kuna nini. Hata siku ya kunizika, mkichimba mkakuta unyevunyevu, msishangae nikiamka niwaambie mlete mawe.

Wengi wenu hamjui kazi hiyo ilivyo. Mnadhani fundi analeta maji. Fundi haleti maji. Maji yako tayari, Mungu ameyaweka, na akina mama waliyajua kabla babu yangu hajazaliwa. Wanayachota kwenye kidimbwi pamoja na vyura, majani yaliyooza na mkojo wa mbuzi. Kazi ya fundi ni kuyafuata maji hadi pale yanapotoka ardhini, pale tunapoita jicho, na kuyajengea nyumba: mawe safi nyuma, ukuta mbele, udongo wa mfinyanzi juu ili mvua isiingie, na tuyo moja, bomba la kutoa maji nje, mama akinge bidoni yake, dumu lake la maji, bila kuzama kwenye matope. Ukimaliza, kazi yako yote imefukiwa. Watu wanaona tuyo tu, na wanakusahau, na ndivyo inavyotakiwa.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani, Mwislamu wa mjini hapa, wa zile familia zilizokaa Kasongo tangu siku za wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Mimi ni mtoto wa wakulima Wakristo, mwimbaji wa kwaya tangu meno ya utoto. Tulifanya kazi huku tunataniana. Nikianzisha wimbo wa Jumapili wakati tunachanganya simenti, ananiambia, "Weye, punguza sauti, maji itakimbia." Akienda kuswali namlindia koleo lake, na akirudi namwuliza kama ameniombea. "Nimekuombea akili," anasema. "Jibu haijafika."

Alikuwa mkali kwa jambo moja kupita yote: mawe ya nyuma ya ukuta yaoshwe. Si kumwagiwa maji na kuhesabiwa kwamba yameoshwa, hapana. Yasuguliwe kwa brosi, yaoshwe, yasuguliwe tena. Ukimwambia umemaliza, anachukua jiwe lolote katika fungu lako, analitia ndani ya kikombe cha maji, anakushikisha. "Kunywa." Ukisitasita, fungu zima linarudi mtoni. "Kama weye mwenyewe unaogopa kuikunywa," anasema, "mbona unataka kumupatia mama ya mutu?" Nilikunywa maji ya mawe mengi sana kabla sijajifunza kusugua, na tumbo langu tangu hapo halisumbuliwi na kitu.

Siku hizi mnaona simenti imejaa madukani. Sisi tulikuwa tunaisubiri ije kwa pikipiki, na njia ya Wamaza wakati wa mvua haina huruma kwa mtu. Safari moja pikipiki ililala kijitoni pamoja na mfuko wake. Dereva alitoka salama, akacheka, mfuko ukatoka baadaye, umeganda kama jiwe, umbo kamili la mfuko. Tusingeweza kuutupa baada ya taabu ile. Tuliupeleka kanisani, na nasikia mpaka leo ndio kiti cha mpiga ngoma.

Sasa sikilizeni hili, kwa sababu ndilo linanifikisha kwenye habari niliyotaka kuwaambia. Katika kazi yetu kuna sheria isiyo na mjadala: usiyalazimishe maji yapande juu ya jicho lake. Tuyo lazima ikae chini ya jicho. Ukiiweka juu, maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanasukuma, yanakosa pa kutokea, yanatafuta njia nyingine ndani ya ardhi, na yakishaipata hayarudi kwako. Fundi mmoja tuliyekuwa naye, tumwite Assani, aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Akatumwa kusimamia kazi upande wa Lusangi. Mkubwa mmoja wa pale akataka ukuta mrefu na tuyo juu, ili jina lake liandikwe kwa herufi nene, wapita njia walisome. Assani alijua matokeo. Wasaidizi wake walijua. Lakini Assani hakuweza kumwambia mtu hapana. Akiona uso wa mkubwa umekunjamana, anameza neno lake. Akasema, "Sawa, muzee," wakajenga.

Siku chache maji yalitoka vizuri, watu wakapiga picha. Halafu tuyo ikakauka. Mama mmoja wa mtaa wa chini alikuwa anapika sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaona moto wake unazimika wenyewe. Akachochea, ukazimika tena. Maji yalikuwa yanatoka katikati ya mafiga yake. Jina la mkubwa lilibaki pale juu ya ukuta mkavu, na mama akahamisha jiko.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ramazani peke yake hakucheka. Alisema Assani si mjinga wala si mwizi, na kwamba angekuwa mjinga ingekuwa afadhali, kwa sababu mjinga anafundishika. "Yeye ni mutu muzuri," alisema, "na kila mutu mubaya anapitia kwake." Nilikuwa kijana, nikaona mzee anazidisha chumvi. Nilikuja kumwelewa upande wa Wamaza, wakati yeye ameshafariki na mimi ndiye msimamizi wa kazi.

Kijiji chenyewe nakificha jina, na majina ya watu nimeyabadilisha, kwa sababu wangali hai na wengine ni rafiki zangu. Miaka ile bunduki zililia upande wa Salamabila, na familia nyingi zilikimbia na kufika hapo kijijini na watoto mgongoni. Walipewa mahali pa kulala nyuma ya kanisa, wakajenga vibanda vya miti na majani. Mmoja wao ni Mama Riziki, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, aliyekuja na watoto wake wadogo na mama mkwe asiyeona. Mume wake alikuwa amebaki njiani, na mpaka leo sijui kama alipatikana.

Shefu wa kijiji tumwite Lutumba. Nataka mnielewe vizuri kuhusu mtu huyu, kwa sababu nampenda. Hakuwahi kuchukua kuku wa mtu. Alikuwa shemasi kanisani, na akiomba, hata watu wasio na shida walikumbuka shida zao wakalia. Wakimbizi walipofika, yeye ndiye aliyewaletea mihogo ya kwanza kutoka shambani kwake, akiwa ameibeba mwenyewe kichwani. Lakini kila neno gumu lililoletwa mbele yake alilijibu kwa neno moja: "Tutaona." Wakigombania mpaka wa shamba, tutaona. Mbuzi akila mpunga wa jirani, tutaona. Watu wakazoea. Na kila kitu ambacho yeye alikuwa bado anakiona, mdogo wake alikuwa ameshakimaliza.

Mdogo wake ni Musafiri. Huyo alikuwa na pikipiki, miwani nyeusi, na mashimo ya dhahabu karibu na kijiji, na kikundi cha vijana waliomfuata kila aendako. Aliwatazama wakimbizi akaona mikono ya kufanya kazi.

Hapa lazima niwaambie desturi ya maji, maana ninyi wa mjini mnaivunja kila siku. Mahali pote nilipofanya kazi, kutoka Kasongo hadi Kabambare, mstari wa maji ni mstari wa bidoni. Mama anaweka bidoni yake asubuhi, anakwenda zake shambani, anarudi anakuta nafasi yake ipo. Hakuna anayegusa bidoni ya mwenziwe isipokuwa kuisogeza mbele. Nimeona wanawake waliokosana hata hawasalimiani, lakini mmoja akisogeza bidoni yake, anaisogeza na ya yule mwingine, huku amenuna. Bidoni tupu iliyosimama kwenye mstari ni mtu.

Vijana wa Musafiri walianza kuzitoa bidoni za wakimbizi mstarini na kuzitupa majanini. Wakasema hao watachota baada ya wenyeji wote, na baada ya pikipiki za Musafiri kuoshwa, wakati kidimbwi kimebaki matope. Anayetaka maji safi ya asubuhi, aende kwanza akabebe mchanga kwenye mashimo. Mama Riziki hakuweza kwenda mashimoni na kumwacha mama mkwe asiyeona pamoja na watoto. Akawa anachota mtoni chini, na mtoto wake wa mwisho akaanza kuharisha, akakonda mpaka nguo zikamvuka. Shefu Lutumba alipita pale kidimbwini kila asubuhi akienda shambani. Aliona bidoni zimelala majanini. Aliwasalimia wakimbizi kwa upole, akawaombea baraka, akapita.

Nami nilifika wakati huo, nimetumwa na shirika moja kujenga chemchemi. Kwa kazi ya namna hii kijiji kizima kinabeba mawe kutoka mtoni, ndiyo mchango wao. Wenyeji walibeba kwa zamu, leo huyu na kesho yule. Wakimbizi walibeba kila siku. Mama Riziki alibeba mawe kichwani na mtoto mgonjwa mgongoni, na nilipopima mawe yake kwa kikombe cha Ramazani, nilikunywa bila wasiwasi wowote. Siku hiyo ndipo aliponiuliza.

"Fundi, hii maji tunaibebea mawe, na siye tutaikunywa?"

"Kwa nini usikunywe, mama?"

"Musafiri anasema siku mutafungua tuyo, siye wakimbizi tutoke, turudie kule tulitoka. Anasema chemchemi ni ya wenyeji. Fundi, kule tulitoka iko bunduki. Na huyu mutoto hataweza njia."

Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu. Nilimkuta anakula pamoja na mke wake, Mama Bitondo, mwanamke mnene, mcheshi, aliyejua kumtania mume wake mbele ya wageni bila kumvunjia heshima. Wakanikaribisha bugali. Nikala kwanza, maana ubishi na njaa haviendi pamoja, halafu nikamweleza.

"Fundi, miye sina neno na wale watu. Ni Musafiri."

"Shefu, Musafiri ndiye shefu?"

"Ni mudogo yangu. Ana hasira. Nikimukatalia mbele ya watu, itakuwa vita ndani ya jamaa. Wacha kwanza. Tutaona."

Mama Bitondo aliweka sahani chini. "Baba," akamwambia, "ule gavana aliyemutoa Yesu, yeye alitafuta hata maji ya kunawa mikono. Weye hata ile ya kunawa utamuomba Musafiri."

Nilitaka kucheka, nikaona macho ya shefu, nikaacha. Maneno yalimwingia, lakini hayakufika miguuni.

Nawaambia ninyi mnaokwenda kanisani kila Jumapili: tumefundishwa kumwogopa mtu mwovu, na ni vizuri. Lakini nimezunguka vijiji vingi, na mahali pengi nilipokuta watu wanaonewa, mwovu alikuwa mmoja tu, na angefika mwisho wake siku ile ile kama mwenye kiti angesimama. Maandiko yanamtaja kuhani mzee ambaye watoto wake walinyang'anya nyama ya sadaka. Yeye mwenyewe hakunyang'anya. Aliwaonya kwa maneno laini, kisha akarudi kukaa. Mungu alimhukumu kwa kuwa hakuwazuia. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu utoto nikidhani ni ya watoto wabaya. Pale Wamaza nikaona kwamba ni ya mzee. Nilikasirika sana siku zile, na hasira yenyewe haikuwa kwa Musafiri.

Basi kazi ikamalizika, ikafika siku ya kufungua. Ramazani alikuwa ameniachia namna yake ya kufungua chemchemi, na sikuwahi kuiacha. Tuyo inazibwa kwa kizibo cha mti kilichofungwa kitambaa. Watu wakishakusanyika, fundi anashika kizibo na kuuliza kwa sauti, "Mawe ya chemchemi hii yalibebwa na nani?" Shefu anawataja waliobeba, mtaa kwa mtaa, na kila waliotajwa wanapiga vigelegele. Ndipo kizibo kinatolewa. Waliotajwa ndio wenye maji, na hakuna atakayewafukuza baadaye, kwa kuwa wametajwa mbele ya wote. Ramazani alisema ukuta unalindwa na simenti, lakini chemchemi inalindwa na majina hayo.

Asubuhi ile kwaya ilivaa vitambaa vipya. Wageni walikuja kutoka Kabambare, wakakalishwa kwenye viti chini ya turubai. Kikombe cheupe cha shefu kilikuwa kwenye sinia, maana kwa desturi yeye ndiye anayekunywa kwanza. Mstari wa bidoni za manjano ulitoka kwenye tuyo ukapanda njia hadi karibu na kanisa, ya Mama Bitondo ikiwa mbele kabisa, kwa heshima ya shefu. Bidoni za wakimbizi zilikuwa katikati, mahali walipoziweka walipofika. Mama Riziki alisimama kando na watoto wake. Alikuwa amefunga vitu vyake ndani ya kitenge, mzigo mmoja, uko miguuni pake. Nilipouona ule mzigo nilijua kwamba amekuja kusikia kama atakaa au ataondoka.

Kwaya ilipokuwa inaimba, vijana wa Musafiri walitembea kwenye mstari wakazitoa bidoni za wakimbizi moja moja na kuzirusha majanini. Mbele ya wageni. Mbele ya msalaba uliobebwa na kwaya. Ile ya Mama Riziki ilibiringika mpaka kwenye magugu, ikalala na mdomo wake chini. Kila mtu aliona. Shefu aliona. Akakohoa, akasimama, akaanza kuwashukuru wageni kwa kuja.

Nikashika kizibo. Alipomaliza kushukuru, nikauliza, "Shefu, mawe ya chemchemi hii yalibebwa na nani?"

Akaitaja mitaa. Mtaa wa juu, vigelegele. Mtaa wa chini, vigelegele. Mtaa wa kanisa, vigelegele. Akafika mwisho, akanitazama nitoe kizibo.

Sikutoa. Nikasema, "Shefu, nilipokea mawe mengine pia. Yale yalibebwa na nani?"

Nilimsikia mtoto wa Mama Riziki akilia mgongoni. Shefu alifungua mdomo, akamtazama mdogo wake, akaufunga. Musafiri alikuwa anatabasamu nyuma ya miwani yake, amefunga mikono kifuani, mtu anayejua jibu litakuwa nini kwa sababu limekuwa lile lile tangu utoto wao.

Ndipo Mama Bitondo alipotoka. Alikwenda mbele ya mstari, akachukua bidoni yake, akatembea nayo polepole mpaka majanini. Akaiokota ile ya Mama Riziki, akaipangusa kwa kitenge chake, akaisimamisha wima. Halafu akaiweka ya kwake nyuma ya ile ya Mama Riziki.

Mama Zaina, Mwislamu aliyekuwa na duka dogo la chumvi, alimfuata. Akaiweka ya kwake nyuma ya mkimbizi mwingine. Kisha mke wa mchungaji. Kisha bibi mmoja mzee sana ambaye bidoni yake ilikuwa ndogo ya mafuta, ya rangi nyeusi. Halafu wakaanza kwenda wengi kwa pamoja, na nikaona mstari wote wa manjano unahama njiani na kuingia majanini, mama kwa mama, mpaka mbele ya tuyo yangu hapakubaki kitu ila udongo. Kwaya yenyewe ilitawanyika, maana waimbaji wa kike walikwenda kuhamisha zao. Vijana wa Musafiri walisimama wakiangalia. Wangetupa bidoni za nani sasa? Mama zao wazazi walikuwa pale majanini, na walikuwa wanawatazama.

"Kaka!" Musafiri akapaza sauti. "Sema kitu! Wanawake wanaharibu siku yako!"

Alimwita kaka yake aseme, na hilo ndilo kosa lake. Miaka yote alikuwa ameishi kwa kimya cha mtu huyu, kisha akamwomba sauti.

Shefu Lutumba alitoka chini ya turubai. Alikwenda hadi majanini, akasimama kando ya bidoni ya Mama Riziki.

"Musafiri. Kuja hapa."

"Kaka, haya tutaona nyumbani."

"Hapana. Tumeisha kuona. Kuja."

Musafiri alicheka, akageuka awaangalie vijana wake wacheke naye. Hawakucheka. Mmoja alikuwa ameinama anachezea kamba ya kiatu.

"Beba bidoni ya huyu mama," shefu akasema, na sauti yake ikapanda mpaka wageni wakainuka vitini. "Uibebe na mikono yako, uilete mbele, uisimamishe chini ya tuyo. Na wale vijana wabebe za wengine. Fundi ameniuliza mawe ilibebwa na nani. Ilibebwa na hawa! Miye nilikuwa napita hapa kila asubuhi, nilikuwa nawaona na mawe ku kichwa. Hawa wakimbizi wako watu ya hii kijiji. Atakayewafukuza, anifukuze miye kwanza, leo, mbele ya wageni."

Sijui kama nimewahi kusikia kishindo cha vigelegele kama kile. Kilitoka majanini kikapanda mpaka kanisani. Musafiri aliiangalia pikipiki yake, akawaangalia vijana wake, ambao walikuwa tayari wameanza kuokota bidoni. Akavua miwani. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuona kwamba kaka yake ni mkubwa kuliko yeye kwa umbo. Akainama, akaibeba. Wanawake wakamfuata na bidoni zao, wakaupanga mstari upya njiani, za wakimbizi zikiwa mbele.

Baadaye mambo hayakuwa rahisi yote, nisiwadanganye. Musafiri aliondoka juma lile kwenda Salamabila, na jamaa walinuna kwa muda mrefu, kama shefu alivyoogopa. Vita aliyoiogopa haikuja. Musafiri alirudi siku moja bila kelele, na nilipopita kukagua ukuta nilimkuta anakinga maji, bidoni yake iko mahali pake mstarini. Watu wa mbali walianza kuleta kesi zao kwa Shefu Lutumba, kwa sababu walisikia zinakatwa siku ile ile. Mtoto wa Mama Riziki alipona, akawa mnene, akanipasulia kikombe cha Ramazani. Ninyi vijana wangu, mtakapopewa usimamizi, hata wa watu wachache na koleo zao, kumbukeni kwamba upole wenu hautamfikia anayeonewa kama hamsimami mbele ya anayeonea. Mungu hakukupa nafasi ile ili upendwe na kila mtu.

Lakini nirudi kwenye siku yenyewe, sijawaambia jinsi tulivyofungua. Nilikivuta kizibo kwa mikono miwili, kilikuwa kimekaza, na maji yaliruka kwa nguvu yakawalowesha wageni viatu na suruali. Hakuna aliyekasirika. Mama Riziki alikinga, bidoni ikajaa, akaifunga, akasimama nayo kichwani akilia wazi wazi, na kando yake Mama Bitondo alikuwa anafungua ule mzigo wa kitenge na kutoa sufuria nje, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote.

Mtu wa sinia alimletea shefu kikombe chake cheupe. Shefu alikichukua, akanitazama, akatikisa kichwa. Kisha akapanda njia, polepole, akipita mstari mzima wa wanawake, wenyeji na wakimbizi, akaenda kusimama nyuma ya bidoni ya mwisho kabisa, ile nyeusi ya bibi mzee, aliyerudi njiani polepole kuliko wote. Jua lilikuwa kali. Waliotangulia walikuwa wameshapata maji yao na chakula kilikuwa kinanukia kutoka kanisani, lakini hakuna aliyekwenda kula. Walibaki wote, wakiimba, wakiusogeza mstari, mpaka shefu wao alipofika kwenye tuyo na kunywa.